Siku Nne za Kirkcaldy

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali ambalo kila kijiwe cha mpira mjini kina jibu lake: timu ni ya nani? Tajiri mwenye hisa atasema ni yake, maana ndiye anayelipa mishahara. Kocha naye atasema ni yake, mpaka siku atakapofungashiwa virago. Mchezaji anajua kwamba yeye ni mpita njia. Lakini shabiki, yule anayerudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nauli imeishia kwenye tiketi, huyo hasemi "timu yao". Anasema "sisi". "Sisi tumeshinda." "Sisi tumeonewa na refa." Neno lenyewe ni dogo, ila lina deni ndani yake. Ukishasema "sisi" siku ya kombe, huna budi kusema "sisi" siku ambayo timu imefanya jambo la aibu.

Makala hii ni historia ya siku nne tu, kuanzia Jumatatu tarehe 31 Januari hadi Alhamisi tarehe 3 Februari 2022, katika mji wa Kirkcaldy, huko Uskoti. Katika siku hizo mashabiki wa timu ya daraja la pili, ambayo pengine hujapata kuisikia, walilikumbuka deni hilo. Walikataa kusema "sisi" pamoja na mchezaji ambaye mahakama ilikuwa imeamua kwamba alimbaka mwanamke. Hakuzuiwa na polisi. Hakuzuiwa na chama cha mpira wala serikali. Walimzuia watu wa jukwaani, na mbele yao alisimama mwandishi wa riwaya. Basi kwa sisi tunaojifunza kazi ya kalamu, kisa hiki kinatuhusu mara mbili.

TUANZE MBALI KIDOGO

Wazo kwamba mwanamume wa kawaida ana la kufanya kuhusu ukatili dhidi ya wanawake halikuzaliwa uwanjani. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mwenye bunduki aliingia katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, mjini Montreal, Kanada. Katika darasa moja aliwatenga wanawake na wanaume, akasema anapigana na watetezi wa haki za wanawake, akafyatua risasi. Mpaka anamaliza kuzunguka jengo lile, wanawake 14 walikuwa wameuawa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, kikundi cha wanaume wa Kanada kilianzisha kampeni ya utepe mweupe. Aliyeuvaa utepe huo alikuwa anaahidi mambo matatu: hatafanya ukatili dhidi ya mwanamke, hatauunga mkono, na hataunyamazia. Yale mawili ya kwanza ni rahisi kuahidi. Ni nani atakayesimama hadharani aseme yeye anaunga mkono kumpiga mke? Ugumu uko kwenye hilo la tatu. Wengi wetu hatujapiga mtu, lakini tumenyamaza mara nyingi tu.

Kampeni ilienea nchi nyingi, Uingereza ikiwamo, na haikuchukua muda watu wakaanza kuutazama uwanja wa mpira. Kwa nini uwanja? Kwanza kwa sababu wanaume wako pale, maelfu kwa maelfu. Pili kwa sababu takwimu zilianza kusema mambo mazito.

Mwaka 2011 wataalamu wawili wa uchumi, David Card na Gordon Dahl, walichapisha utafiti kuhusu ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani. Waligundua kwamba timu ya nyumbani ilipofungwa mechi ambayo watu waliamini ingeshinda, visa vya wanaume kuwapiga wake na wapenzi wao majumbani viliongezeka kwa asilimia 10. Kisha wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Wao walichukua kumbukumbu za polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku ambayo Uingereza ilifungwa, taarifa za ukatili wa majumbani ziliongezeka kwa asilimia 38.

Hapo mtu wa kijiweni atasema: "Ah, hasira hizo. Mtu kafungwa, kaumia." Subiri kwanza, bwana. Utafiti uleule ulionyesha kwamba hata Uingereza iliposhinda au kutoka sare, taarifa ziliongezeka kwa asilimia 26. Sasa hiyo nayo ni hasira ya nini? Mtu kashinda, kafurahi, kaimba mpaka sauti imekauka, halafu kaenda nyumbani kumpiga mkewe! Ni dhahiri kwamba mpira hauwafundishi watu kupiga. Mwenye ngumi anakuwa nayo kabla filimbi haijalia. Mpira unampa kisingizio tu, na pombe inamfungulia mlango.

Kampeni zikafuata. Mwaka 2018, wakati wa Kombe la Dunia lililofanyika Urusi, shirika moja la Uingereza linalowasaidia waathirika wa ukatili wa majumbani lilitoa mabango yenye nyuso za wanawake waliopigwa, damu ikiwa imechuruzika usoni kwa umbo la bendera za timu. Msalaba mwekundu wa Uingereza ulikuwa umechorwa kwa damu ya puani na mdomoni. Mwishoni mwa 2022, wakati wa Kombe la Dunia la Qatar, shirika jingine, Women's Aid, lilichukua kauli ambayo mashabiki wa Uingereza huimba kwa furaha, kwamba mpira unarudi nyumbani, likaigeuza kidogo tu: mume anarudi nyumbani. Ukiisoma mara ya kwanza unatabasamu. Ukiisoma mara ya pili unanyamaza.

Kazi nzuri hiyo, sikatai. Lakini tazama ilikotoka. Kampeni zote hizo zilitungwa ofisini zikapelekwa jukwaani. Shabiki alikuwa mtu wa kufundishwa, kama mwanafunzi anayesomewa tangazo mstarini. Kule Kirkcaldy safari ilikwenda kinyume. Neno lilitoka jukwaani, likapanda ngazi mpaka ofisini, na wenye ofisi wakalazimika kulisikiliza.

MJI NA TIMU YAKE

Kirkcaldy ni mji wa pwani, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Edinburgh. Dunia inaufahamu kwa sababu mbili. Ndiko alikozaliwa Adam Smith, yule baba wa elimu ya uchumi, mwaka 1723. Na ndiko vilikokuwa viwanda vikubwa vya linoleamu, ile tandiko ya sakafu iliyojaa katika nyumba za Ulaya kabla plastiki haijashika. Viwanda vilipopungua, mji ukabaki na bahari yake, upepo wake, na timu yake, Raith Rovers, iliyoanzishwa mwaka 1883.

Raith Rovers si timu ya makombe. Siku yake kubwa kuliko zote ni tarehe 27 Novemba 1994, ilipoifunga Celtic kwa penalti na kutwaa Kombe la Ligi la Uskoti. Mwaka uliofuata ikaingia mashindano ya Ulaya ikakutana na Bayern Munich. Katika mchezo wa marudiano, kule kwa Wajerumani wenyewe, timu ya Kirkcaldy ilikwenda mapumziko ikiongoza bao moja kwa bila! Baadaye ilifungwa, ndiyo, lakini wazee wa mji ule wataisimulia dakika 45 hiyo mpaka wanaingia kaburini. Timu ya namna hiyo haiishi kwa fedha za televisheni. Inaishi kwa watu wanaojitolea, wanaonunua tiketi za msimu mzima, wanaotoa udhamini mdogomdogo kutoka mifukoni mwao.

Mmoja wa watu hao alikuwa Val McDermid. Kama wewe umekulia kwenye riwaya za upelelezi za akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, basi huyu mama ni wa ukoo huohuo wa kalamu. Alizaliwa Kirkcaldy mwaka 1955, akawa mwandishi wa habari, akatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Mwaka 1995 alipata tuzo kubwa ya waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza kwa kitabu chake *The Mermaids Singing*, na tangu hapo vitabu vyake vimesomwa duniani kote kwa mamilioni.

Pamoja na umaarufu wote huo, Kirkcaldy alibaki binti wa baba yake. Mzee McDermid alikuwa msaka vipaji wa Raith Rovers, na ndiye anayetajwa kumgundua Jim Baxter, mmoja wa viungo hodari kuliko wote waliowahi kutoka Uskoti. Katika uwanja wa timu, Stark's Park, palikuwa na jukwaa lililopewa jina la McDermid kwa kumbukumbu ya mzee huyo. Binti naye akawa mdhamini wa timu, na kwa miaka mingi wachezaji walivaa jezi zenye jina lake kifuani.

HUKUMU YA 2017

Sasa tuje kwa mchezaji. David Goodwillie alikuwa mshambuliaji hodari, aliyefika mpaka timu ya taifa ya Uskoti. Mwaka 2011 mwanamke mmoja alitoa taarifa kwamba amebakwa. Jina la mwanamke huyo sitaliandika, maana si yeye anayestahili kutajwatajwa. Waendesha mashtaka walisema ushahidi hautoshi, wakaiacha kesi. Goodwillie akauzwa timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, maisha yakaendelea. Maisha yake, yaani.

Mwanamke yule hakukata tamaa. Alifungua kesi ya madai katika mahakama kuu ya madai ya Uskoti. Januari 2017 jaji aliamua kwamba Goodwillie na mchezaji mwenzake, David Robertson, walimbaka. Alisema mwanamke huyo alikuwa amelewa kiasi kwamba hakuweza kutoa ridhaa. Wakaamriwa wamlipe fidia ya paundi 100,000. Wachezaji hao walishikilia kwamba ilikuwa kwa ridhaa, wakakata rufaa, wakashindwa.

Hapa tusichanganye mambo, maana kijiweni yanachanganywa sana. Kesi ya madai si kesi ya jinai. Katika jinai, kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka, na mtu anafungwa. Katika madai, jaji anapima upande upi una uzito zaidi, na mtu analipa. Kwa hiyo hadi siku zile za 2022 Goodwillie hakuwa amehukumiwa kwa jinai wala kufungwa kwa ubakaji huo. Lakini jaji alikwishasikiliza pande zote mbili na kutoa uamuzi ulioandikwa na kusomwa hadharani. Haukuwa uvumi wa mtaani.

Na hapa ndipo historia inapotia uchungu. Miezi miwili hivi baada ya hukumu hiyo, Machi 2017, timu ya Clyde ilimsajili. Alikaa huko karibu miaka mitano, akafunga mabao zaidi ya 100, akapewa hata unahodha. Malalamiko yalikuwapo, ila hayakuwa na nguvu ya kubadili kitu. Mabao yalikuwa yanaingia, bwana, na wavu ukitikisika masikio huziba.

Hukumu ilikuwa ileile mwaka 2017 na ileile mwaka 2022. Mtu alikuwa yuleyule. Sheria ya nchi haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walikataa kunyamaza.

SIKU YA KWANZA HADI YA NNE

Jumatatu, 31 Januari 2022, ilikuwa siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Usiku Raith Rovers ikatangaza: tumemsajili David Goodwillie. Bila shaka wakubwa wa timu waliwaza mabao. Timu ilitaka kupanda daraja, na mfungaji wa kutegemewa alipatikana.

Jumanne mji uliamka vibaya. McDermid alitangaza kwamba anaondoa udhamini wake na kwamba tiketi yake ya msimu ataichana. Hebu lipime jambo hilo. Huyu si mtu aliyeipenda timu kwa kuitazama kwenye televisheni. Jina la baba yake lilikuwa juu ya jukwaa. Jina lake lilikuwa kwenye jezi. Kuondoka kwake kulikuwa ni kuacha nyuma kitu alichoachiwa na mzazi. Angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Angesema yeye ni mwandishi, mambo ya usajili hayajui. Hakusema hivyo.

Siku hiyohiyo nahodha wa timu ya wanawake ya Raith Rovers alijiuzulu, baada ya kuichezea timu hiyo kwa miaka kumi. Huyu ndiye ninayetaka umkumbuke zaidi, msomaji, kuliko hata yule mwandishi. McDermid akiondoka Stark's Park ana vitabu vyake na ana dunia yake. Nahodha wa timu ndogo ya wanawake ana nini? Ana ile jezi tu. Akaivua. Kwani angeivaaje? Angetokaje uwanjani na nembo ileile kifuani, akiwaambia wasichana wadogo wanaokuja kujifunza mpira kwamba hapa ni mahali salama kwenu?

Wakurugenzi wawili nao wakajiuzulu, na watu wa kujitolea wakaanza kuacha kazi zao. Wadhamini wakaanza kuulizana. Rape Crisis Scotland, shirika linalowahudumia waathirika wa ubakaji, likapaza sauti. Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati ule, Nicola Sturgeon, alizungumza kuwaunga mkono waliokataa. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ambaye alikulia Kirkcaldy na utotoni aliuza vijitabu vya mechi uwanjani Stark's Park, naye akaitaka timu ijifikirie upya.

Timu ikajibu nini? Ilitoa taarifa yenye maana kwamba usajili ule kwanza kabisa ni suala la mpira. Yaani uwezo wa mtu uwanjani ndio uliotazamwa. Mpira ni mpira, tusichanganye.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Taarifa ile ilikuwa kama kumwaga mafuta ya taa motoni. Maana shabiki alikuwa hasemi kwamba Goodwillie hajui kufunga. Hilo wote walilijua. Alikuwa anauliza: nikiwa na binti yangu jukwaani na mtu huyu akafunga, nifanye nini? Nisimame nishangilie? Nimwambie mtoto aimbe jina lake? Swali hilo lilikuwa la mpira kabisa, maana kushangilia ndiyo kazi ya shabiki. Timu ilikuwa inawaomba watu wake waifanye kazi hiyo huku wamefumba macho.

Alhamisi, 3 Februari, mwenyekiti wa timu akasalimu amri. Alikiri kwamba walikosea, akawaomba radhi mashabiki na wadhamini, akatangaza kwamba Goodwillie hatachaguliwa kuichezea Raith Rovers. Na kweli hakuichezea hata dakika moja.

YALIYOFUATA

Ingekuwa riwaya, mwandishi mvivu angeweka nukta hapo. Lakini historia haina adabu hiyo.

Wachezaji wa timu ya wanawake hawakurudi kwa sababu tu mwenyekiti ameomba radhi. Walikata uhusiano na Raith Rovers wakajiita McDermid Ladies, kwa jina la yule aliyesimama nao, naye akawadhamini. Nafikiri ni mara chache sana katika mpira wa miguu timu nzima kujipa jina la mwandishi wa riwaya.

Raith Rovers, ikiwa imebaki na mkataba mkononi, mwezi Machi ikampeleka Goodwillie kwa mkopo kulekule Clyde. Walidhani huko watu wamekwisha kumzoea. Kumbe moto ulikwishavuka. Wachezaji wa timu ya wanawake ya Clyde wakaondoka kwa kupinga. Halmashauri ya North Lanarkshire, iliyokuwa mmiliki wa uwanja, ikasema mchezaji huyo hataruhusiwa kuingia uwanjani humo. Mkopo ukavunjika. Baadaye mwaka huohuo Raith Rovers ikauvunja na mkataba wenyewe. Februari 2023 alijitokeza katika timu ndogo ya Uingereza iitwayo Radcliffe, akafunga mabao matatu katika mchezo mmoja, na siku chache baadaye timu ikasema hatacheza tena. Mabao matatu! Miaka mitano kabla yake, mabao matatu yangefuta kila kitu.

Kwa hiyo siku nne za Kirkcaldy zilibadili bei ya kitu. Kabla yake, timu iliyomchukua mchezaji wa namna hiyo ilipata mabao ya bei nafuu. Baada yake, ilijua kwamba mabao hayo yatalipiwa kwa wadhamini, kwa wakurugenzi, kwa timu ya wanawake na kwa jina la mji.

LAKINI HAKI YA MTU JE?

Kuna hoja ambayo siwezi kuiruka, maana naisikia kila tunapobishana. Je, mtu hana haki ya kuanza upya? Akishalipa, afe njaa?

Ni hoja ya haki, na anayeitoa si lazima awe mtu mbaya. Jibu langu ni hili. Watazame mashabiki wa Kirkcaldy walifanya nini hasa. Hawakumpiga mtu wala hawakumchomea mtu nyumba. Hawakuomba afungwe bila kesi. Walichofanya ni kuchukua vilivyo vyao wakaondoka navyo: fedha zao, majina yao, sauti zao, muda wao wa kujitolea. Hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu kushangilia. Mtu ana haki ya kutafuta riziki, ndiyo, lakini hana haki ya kudai aimbwe.

Tena kuna upande wa pili wa kuanza upya. Yule mwanamke naye alihitaji kuanza upya. Kwa miaka mitano alikuwa akifungua gazeti Jumapili anakuta jina la nahodha wa Clyde na idadi ya mabao yake. Tunapohesabu nafasi za pili, mbona huwa tunamhesabia mmoja tu?

Hoja nyingine ni kwamba bila mwandishi maarufu pasingetokea kitu. Kuna ukweli hapo. Sauti ya McDermid ilifika mbali kwa sababu ilikuwa imekwisha kujengwa kwa vitabu zaidi ya 30. Lakini mwandishi peke yake angekuwa habari ya siku moja. Nahodha, wakurugenzi, watu wa kujitolea na wenye tiketi za msimu ndio walioifanya habari ile isizimike mpaka Alhamisi. Yeye aliwasha kibiriti, kuni zilikuwa za watu wengi.

NA SISI JE?

Pengine utasema Kirkcaldy ni mbali. Basi sogea karibu. Tarehe 13 Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja tu kabla alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mume wake ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake wakaanzisha taasisi kwa jina lake, Tirop's Angels, ili kuwasaidia wanawake walio katika hatari. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake, huko Trans Nzoia, Kenya. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba.

Hao ni wanawake tuliowashangilia. Walipopita barabarani na bendera mabegani tulisema "sisi tumeshinda".

Na usiniambie kwamba mashabiki wa kwetu hawana nguvu. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 uliigawa timu vipande viwili, Pan African ikazaliwa. Hapa Dar es Salaam wanachama wameng'oa viongozi kwa sababu ya kufungwa na mtani. Basi kugoma tunakujua, na kukasirika tunakujua sana. Swali ni kwamba tunakasirikia nini.

Lipo jambo moja dogo ambalo kila mtu amelisikia kwenye kibanda umiza, pale tunapobanana kutazama mechi. Timu yako ikiifunga timu nyingine mara kwa mara, unaiitaje? Unaiita "mke wetu". "Leo tunacheza na mke wetu." Watu wanacheka, na kwa kweli utani ni sehemu ya mpira, bila utani mchezo haunogi. Lakini sisi tunaotaka kuwa waandishi tumejifunza kulitazama neno kabla ya kulitumia. Neno hilo linasema nini? Linasema kwamba mke ni yule unayempiga kila mkikutana, na yeye hana la kufanya. Tunalisema mbele ya wadogo zetu wenye umri wa miaka kumi, kisha tunashangaa takwimu.

Sisemi kwamba utani huo ndio uliomuua mtu. Nasema ndio ukimya wenyewe, ila umevaa kicheko. Na katika zile ahadi tatu za utepe mweupe, tumeona kwamba ya tatu ndiyo ngumu.

Watu wa Kirkcaldy hawakuwa watakatifu. Walikuwa mashabiki tu kama mimi na wewe, wenye timu isiyoshinda vikombe na uwanja wenye upepo mkali. Walipofika mahali ambapo neno "sisi" lilikuwa linawachafua, waliligomea mpaka likasafishwa. Kazi ile iliwachukua siku nne. Yetu inaweza kuanza na kitu kidogo zaidi ya hapo. Mtani wako akifungwa tena Jumamosi ijayo, mtafutie jina jingine la kumwita.